Chanjo Kwenye Josho

Daktari Kaijage alistaafu akarudi kwao Bukoba, na sikutegemea kumwona tena upande huu, mpaka Jumamosi iliyopita alipotokea kwenye harusi ya Shija akiwa na mkongojo, kofia ya pama na njaa ya safari. Tulimkalisha meza ya wazee, tukampakulia pilau na nyama, naye akala kwa utulivu wa mtu asiyetaka kusumbuliwa na hotuba. Nilikuwa napita na sinia la soda aliponiona, akapaza sauti turubai zima lisikie: "Minza! Boksi langu limekombolewa au bado?" Mama Shija, ambaye ndiye mama wa bibi harusi na alipaswa siku hiyo kuwa na heshima zake, alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai asianguke. Vijana wakauliza boksi gani, kila mkubwa akaanza kusimulia la kwake, na kwa jinsi walivyokuwa wakikatizana, nina hakika vijana wale waliondoka wakiamini kwamba zamani zahanati yetu iliwahi kuvamiwa na majambazi. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Habari za kwetu na wazazi wangu nitaziacha, maana ni watu wazuri na hawahusiki. Nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka wa chanjo ya korona. Sasa nina watoto wawili na mkubwa ameshaanza shule, lakini nikiulizwa utu uzima wangu ulianza lini, nasema ulianza mwaka ule.

Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, ajira sina, nikawa najitolea kwenye zahanati ya kijiji kimoja ndani ndani kutoka Tinde, ambako Daktari Kaijage alikuwa mganga mfawidhi. Nilipanga chumba kwa Mama Shija. Chumba kilipakana na jiko, na ukuta wa tofali za udongo haukufika kwenye bati, hivyo moshi, harufu na maneno vyote vilipita juu na kuniangukia kitandani. Jioni nilijua tunakula nini kabla sijaitwa: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, au ugali na mlenda, na siku gari la Mwanza likipita, dagaa. Nilijua pia nani kagombana na nani, kwa sababu wanawake wa jirani walikuja kuazima moto, wakasahau moto, wakakaa. Mwaka ule mazungumzo yalikuwa ugonjwa tu. Mmoja alisifia nyungu, mwingine tangawizi na limau, na Mama Shija alisema yeye mwenyewe amejifukiza mpaka ngozi ya uso imelainika, kwa hiyo hata kama korona haiondoki, uzuri amepata.

Mume wa Mama Shija alikuwa mlinzi kwenye mgodi mkubwa kule Geita, na akipiga simu Mama Shija aliweka sauti ya juu ili jiko zima lifaidi. Jioni moja alisema wazungu ndani ya uzio wameletewa daktari wao, mitungi ya hewa, na chanjo wameshapata. Walinzi na madereva wanapimwa joto getini na kuambiwa waende kwa amani. "Na wale wachimbaji wadogo wa mashimoni?" akauliza Mama Shija. "Hao hata hicho cha kupimia joto hawajakiona," akajibu mume. Wanawake wakaguna. Mmoja akasema afadhali huko, maana hapa kwetu hata mwenye uzio hatuna. Mwingine, nadhani kwa kutaka kuchangamsha, akauliza, "Na Wataturu wa ng'ambo je?" Jiko likaangua kicheko. "Wataturu kwani wanaugua?" akasema Mama Shija. "Wale wana damu ya maziwa, korona ikiingia inateleza." Nilikuwa nimelala chali nikingoja chakula, na mimi sikucheka, si kwa wema wowote, bali kwa sababu nilimfahamu Mama Gidamis na nilijua kinachoendelea ng'ambo ya mbuga, lile bonde la tope lililotutenganisha na wafugaji wale wa Kitaturu.

Mama Gidamis alikuwa Mtaturu wa makamo yaliyokwisha pita, mwembamba, mrefu, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, na kila siku ya gulio alivuka mbuga na vibuyu vya maziwa na samli akapitia zahanati kunitukana. Hapo inabidi nieleze kwa msomaji wa mbali. Sisi Wasukuma wa pale na Wataturu ni watani. Wazee wanasema tulipigania ng'ombe na malisho mpaka tukachoka, tukapatana, na tangu hapo mtani anaweza kukuambia lolote, kukunyang'anya kofia kichwani, hata kukalia kiti cha mfiwa msibani, nawe ukikasirika, aibu ni yako na ya ukoo wako. Kitu alichokamata mtani hakiporwi wala hakiitiwi polisi. Kinakombolewa kwa fidia anayoitaja mwenyewe. Basi Mama Gidamis alisimama mlangoni, mimi nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, na baada ya heshima hiyo kumalizika kila mtu akawa huru. "Bado hujaolewa tu?" alisema. "Ningeshaolewa zamani," nikajibu, "ila ng'ombe wa mahari yangu mmewaiba ninyi." "Tuliwakuta wanazurura hawana mwenyewe, tukawaonea huruma." Alicheka kwa kukohoa, na kikohozi kile kilikuwa kirefu kuliko kicheko. Kila msimu wa baridi kifua chake kilibana, akawa anavuta hewa kwa mabega.

Kwenye foleni ya zahanati Wataturu walikuwa wa mwisho hata walipofika wa kwanza. Hakuna aliyewafukuza. Watu walisogea tu, wakaongea na muuguzi Kiswahili cha haraka, wakajibana kwenye benchi, na mwenye Kitaturu chake na Kisukuma cha kuombea maji alijikuta bado amesimama jua likienda kuzama. Korona ilipokuja ikawa mbaya zaidi, maana sasa kusogea mbali nao kulikuwa na jina la kitaalamu. Tangazo la kunawa mikono tulilibandika ukutani, kwa Kiswahili, kwa watu ambao maji waliyanywa kwenye lambo moja na ng'ombe. Katika wimbi la kwanza walizika watu kule, na hakuna aliyekwenda kuhesabu. Mke mwenzie Mama Gidamis alikuwa mmoja wao. Walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe akihema, wakakuta mbuga imejaa maji, wakasubiri yapungue, hayakupungua, wakarudi naye. Mama Gidamis alinipa habari hizo kwa mdomo wa utani uleule, akasema marehemu amemwachia mume peke yake na mume mwenyewe hana kazi. Mimi nilitazama mabega yake yanavyopanda na kushuka, nikaogopa. Kwa hiyo tuliposikia chanjo inakuja, sindano moja tu na basi, mimi nilikuwa na jambo moja moyoni: sindano hiyo iufikie mkono wa Mama Gidamis kabla ugonjwa haujafika kifuani mwake.

Chanjo ilifika, na watu wa senta, yaani pale kijijini penye maduka na zahanati, wakaikimbia. Simu zilikuwa zimetutangulia. Kila mwenye simu alikuwa ameona video ya mtu aliyechanjwa akashika sumaku, aliyechanjwa akakosa uzazi, aliyechanjwa akaanza kuongea lugha za ajabu. Mama Shija aliniambia kupitia ukutani kwamba yeye hatachanjwa hata afungwe kamba, na kama nina nia hiyo nitafute chumba kwingine. Tulichanja walimu na wazee wachache waliokuwa hawaogopi kitu tena, kisha boksi likarudishwa wilayani na nusu ya dozi ndani. Safari ya pili tukaitwa kikao. Mtendaji wa kijiji, Ndugu Masanja, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, akasema wafugaji wametangaziwa na hawaji, tufanyeje. Nikamuuliza wametangaziwa vipi. Kwa spika, akasema, juu ya pikipiki. Nikamwambia, "Mtendaji, mimi nilikuwepo. Pikipiki iliishia kwenye mashine ya kusaga, ikageuza." Masanja akasema kule mbele kuna tope. Daktari Kaijage alivua miwani akaifuta kwa koti, kama alivyofanya kila alipotaka kucheka bila kuonekana, akaniuliza ningefanyaje mimi. Nikasema Alhamisi ni siku ya josho.

Mfugaji anaweza kukosa kliniki, kanisa na hata harusi ya mwanawe, lakini siku ya kuogesha ng'ombe hakosi, maana kupe hawana subira. Josho lile lilikuwa ng'ambo ya mbuga, refu, la saruji, limechimbwa na kujazwa maji ya dawa, na ng'ombe waliingia mmoja mmoja wakiruka na kuogelea mpaka upande wa pili. Wanaume walikuja na ng'ombe, wazee walikuja kuangalia kama vijana hawapotezi ng'ombe, na wanawake walikuja na maziwa kwa ajili ya wote. Tulivuka kwa pikipiki mbili, daktari mbele, mimi nyuma nimelikumbatia boksi la baridi mapajani, nikamwomba Mungu wa pikipiki atusaidie kwenye mashimo. Tuliweka meza kwenye kibanda cha mtunza josho. Harufu ya dawa ilichoma pua, ng'ombe walilia, maji yaliruka mpaka kwenye barakoa zetu. Gidamis, mtoto wa kwanza wa Mama Gidamis, kijana aliyekaa Kahama akajua Kiswahili vizuri, alikuwa ameshawaeleza wenzake tunakuja kufanya nini. Wazee waliuliza maswali ya maana kuliko niliyoulizwa senta: inauma siku ngapi, mtu anaweza kuchunga kesho yake, na je, mganga mwenyewe amechomwa? Daktari akakunja shati akawaonyesha alipochomwa, ingawa hapakuwa na alama yoyote, nao wakamwamini.

Ndipo nikasikia mlio wa pikipiki, na nyuma yake baiskeli, na nyuma ya baiskeli watu kwa miguu. Senta yote ilikuwa inavuka mbuga. Mbele kabisa, kanga imefungwa kiunoni, viatu mkononi, alikuwa Mama Shija. Nilimkimbilia nikidhani kuna msiba. "Msiba gani?" akasema huku akihema. "Tumesikia mnawapelekea Wataturu. Sisi mlituletea tukakataa, hamkutulazimisha. Hawa mmewafuata mpaka kwenye josho! Basi hiyo ya leo ndiyo yenyewe nzuri." Nilimweleza ni dawa ileile, boksi lilelile. Akaniambia mimi bado mdogo. Na walipofika hawakusimama nyuma. Walifanya kama walivyozoea kwenye benchi letu: wakasogea, wakajibana, wakaongea Kiswahili cha haraka, na punde si punde meza ilizungukwa na watu wa senta mikono imeshafunuliwa, na Wataturu wamesimama pembeni wameegemea fimbo zao. Dozi hazikuwatosha watu wote wale, na yeyote mwenye macho aliliona hilo. Ndugu Masanja, ambaye naye alikuwa amefuatana nao, akapanda juu ya ukingo wa josho, akatangaza, "Wa senta waanze, wana biashara zao wamefunga. Wafugaji watafuata zikibaki." Niliangalia boksi. Nilimwangalia Mama Gidamis. Daktari alianza kusema kitu, sauti yake ikamezwa na ng'ombe.

Mama Gidamis alitembea bila haraka, akapita katikati ya watu wa senta huku akiwaomba radhi, akafika kwenye kibanda, akashika shuka lake la rubega vizuri, akakaa juu ya boksi. "Nimelikamata," akasema kwa Kisukuma chake kilichonyooka pale tu alipotaka. Daktari Kaijage rangi ilimtoka. "Mama, tafadhali, inuka, dawa itaharibika!" Mama Gidamis akamtazama toka kofia hadi viatu. "Wewe ni kabila gani?" "Mhaya." "Mhaya sina utani naye. Kaa pembeni, mwanangu, usije ukakasirika bure." Nikamshika daktari mkono, nikamnong'oneza kwamba boksi limetekwa kihalali na kwamba lazima likombolewe. Akaniuliza kama hiyo ipo kwenye mwongozo wa wizara. Masanja naye alikuwa ameteremka kwenye ukingo na shingo imemvimba, lakini alipofika karibu akawaona wazee wa Kisukuma waliofuatana na watu wa senta wakimtazama wanavyomtazama mtu anayetaka kuaibisha kijiji. Akashusha pumzi. Akatabasamu kwa shida. "Haya, mtani. Taja fidia. Unataka mbuzi?"

"Mbuzi wenu nawajua, wana miguu mirefu na nyama hakuna," akasema Mama Gidamis. "Naona umeniletea ng'ombe wa senta wameingia kwenye zizi langu. Wanakanyaga meza. Wachunge. Watoe hapo uwapeleke nyuma ya watu wangu. Kwa fimbo. Na upige mluzi, ng'ombe bila mluzi hawaelewi." Gidamis akamkabidhi mtendaji fimbo yake kwa mikono miwili. Ndugu Masanja alisimama nayo kwa muda, na ninaapa niliona mdomoni mwake hasira na kicheko vikigombania nafasi. Kisha akapiga mluzi. Hakuna aliyesogea. Akapiga tena, akagonga fimbo chini, na kutoka katikati ya lile kundi la watu waliojifunika kanga na barakoa, Mama Shija akalia, "Mbuuu!" kwa sauti nene ya fahali, akageuka, akaanza kwenda nyuma akitikisa kichwa. Basi ikawa balaa. Katekista alilia kama ndama. Fundi cherehani alijifanya kukataa, akapigwa kidogo na fimbo akaenda. Wataturu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na watunza josho wakasahau ng'ombe halisi ndani ya maji. Tangu hapo nimehudhuria semina nyingi za kuwafikia wasiofikiwa, zenye chai ya saa nne na fulana za bure, na sijawahi kuona foleni ikipangwa upya kwa haki namna ile bila mtu hata mmoja kwenda nyumbani na kinyongo.

Mama Gidamis aliinuka, akapangusa makalio, akalalamika kwamba tumefuga barafu na amekufa ganzi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Nilimchoma mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. "Umechoma?" akauliza. Nikasema tayari. "Mkono mwepesi hivi, ndiyo maana hatuwakamatagi mkituibia." Wakafuata wazee wao, wakafuata wanawake, wakafuata vijana, na zilizobaki kidogo zikaenda kwa watu wa senta walio nyuma. Mama Shija hazikumfikia. Njia nzima ya kurudi alimwambia kila mtu kwamba yeye ndiye aliyelia vizuri kuliko wote na ndiye aliyekosa, na boksi lililofuata lilipoletwa zahanati, alikuwa amekaa mlangoni kabla hatujafungua.

Mvua zilipoanza ugonjwa ulirudi. Senta yote ilikohoa, jiko la Mama Shija likanyamaza kwa mara ya kwanza tangu niijue nyumba ile, na daktari alilala zahanati. Asubuhi moja Gidamis alikuja bila kibuyu, amelowa mpaka kifuani. Akanisalimia, akasema, "Dada, mama yuko chini. Kifua." Nilichukua mkoba, nikamfuata. Mbuga ilikuwa maji matupu. Alinishika mkono tukavuka polepole, yeye akipima kina kwa fimbo, na njia nzima nilikuwa nasali sala zote nilizofundishwa nikizichanganya. Tulimkuta amelala karibu na moto, amejifunika mashuka mawili, homa kali, midomo mikavu. Nikapiga magoti, nikamvalisha kidoleni kipimo kinachoonyesha kiasi cha hewa kwenye damu, nikangoja namba itulie huku moyo wangu haujatulia. Ikatulia mahali pazuri. Nikadhani kifaa kimeharibika, nikapima kidole changu, nikapima tena chake. Homa ilikuwepo, kikohozi kilikuwepo, lakini mabega yalikuwa yametulia, hewa inaingia na kutoka yenyewe. Akafumbua jicho moja. "Gidamis," akasema, "zizi umefunga? Kuna Msukuma ndani ya nyumba."

Nilicheka, nikalia, nikashindwa kuviachanisha. Nilimwambia atapona, ila anywe maji sana na aache kunitukana mpaka homa ishuke. Akamtuma Gidamis aniletee maziwa. Tulipobaki wawili alisema tena, na sauti haikuwa ile ya utani. Sikuwahi kuisikia kabla ya siku ile. "Mke mwenzangu alikuwa na nguvu kuliko mimi," alisema. "Kifua chake hakikuwa na kasoro hata siku moja. Ndiye aliyekuwa akinikandakanda mimi wakati wa baridi. Watu wanasema ugonjwa ulimchagua. Ugonjwa haukumchagua, mwanangu. Yeye hakuna aliyevuka kumfuata." Nikasema, "Ndiyo, mama." Gidamis akaingia na kibuyu. "Kunywa," akasema Mama Gidamis, "uondoke kabla maji hayajaongezeka, na kibuyu changu ukiache hapo." Niliyanywa maziwa yale yote huku machozi yakiniingia mdomoni, naye akanigeuzia mgongo akalala, na mimi nikabaki pale muda mrefu kidogo kuliko nilivyotakiwa, nikimsikiliza anavyopumua.